Sura ya Sita: Sikio Liko Wapi

Mwaka 2012 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliwakusanya wanamuziki wenye asili ya mkoa wake wakarekodi wimbo mmoja, Leka Dutigite. Walijiita Kigoma All Stars. Humo walikuwamo Diamond Platnumz, Ommy Dimpoz, Mwasiti, Linex, Peter Msechu, Baba Levo na wengine. Ukimkumbuka na Alikiba, ambaye ukoo wake nao unarudi Kigoma, unapata orodha ambayo mikoa mingi iliyo karibu zaidi na bandari, studio na fedha haijaifikia mpaka leo.

Sasa itazame orodha hiyo kwa jicho la mtu wa hesabu. Karibu wote riziki yao ya muziki waliipatia Dar es Salaam. Diamond mwenyewe alizaliwa huko huko na kukulia Tandale. Mtu wa Ujiji, mjini Kigoma, aliyetaka kula kwa sauti yake alipaswa kwanza kupanda treni, kwa reli ile ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, aende kuitafuta fedha ilipo. Swali la sura hii ni moja: je, mwimbaji anayebaki Ujiji, asiye na lebo wala meneja, anaweza leo kulipwa na watu wanaomsikiliza mtandaoni? Nasema anaweza. Ila kuna mambo ambayo hakuna aliyemfundisha, na kutoyajua kunamgharimu kila mwezi.

Tuanze na alikotoka. Zama za kaseti, msanii wa bongo fleva au wa taarabu alipeleka kazi yake kwa wasambazaji wa Kariakoo, akapewa fedha ya mkupuo, akaondoka. Baada ya hapo hakuwa na njia ya kujua zimeuzwa kaseti ngapi. Aliyefyatua ndiye aliyehesabu. Wengi waliokuwa wakipigwa redioni asubuhi hadi usiku walirudi nyumbani na nauli tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuja, na COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, ikaanzishwa chini yake, lakini mwimbaji wa mkoani aliendelea kuiona hakimiliki kama jambo la watu wa mjini wenye wanasheria.

Kilichowaamsha wengi ni simu ya mkononi. Kampuni za simu zilianza kuuza nyimbo zinazomlia mpigaji wakati anasubiri kupokelewa, na fedha zikakatwa kidogo kidogo kwenye salio la mamilioni ya watu. Wasanii AY na Mwana FA walikwenda mahakamani wakidai kwamba kampuni ya simu ya Tigo ilitumia nyimbo zao mbili, Dakika Moja na Usije Mjini, bila ridhaa yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kampuni ikakata rufaa na shauri likaendelea ngazi za juu, lakini somo lilikuwa limeshaingia vichwani: wimbo mmoja ukiguswa na watu wengi kwa shilingi chache chache, unazaa fedha ya kutisha, na fedha hiyo ina mwenyewe. Mwana FA, yaani Hamis Mwinjuma, baadaye akawa mbunge wa Muheza na naibu waziri katika wizara yenye dhamana ya sanaa. Usikilizaji wa mtandaoni ni jambo lile lile, limepanuka tu kufika dunia nzima.

Majukwaa yenyewe yalifika kwa zamu. Boomplay ilianza mwaka 2015 ikiwa tayari ndani ya simu za Tecno, kwa hiyo watu wengi waliikuta kabla ya kuitafuta. Mwaka 2017 Diamond na wenzake walifungua Wasafi.com, duka la nyimbo la Kitanzania. Spotify ilifungua milango Tanzania mwaka 2021. YouTube ilikuwepo siku zote, na mpaka leo ukimuuliza kijana wa Mwanga au Gungu, mjini Kigoma, wimbo fulani unapatikana wapi, jibu la kwanza ni YouTube.

Sasa fedha. Wasanii wengi wanaamini kwamba kuna bei ya kila usikilizaji, kama ilivyo bei ya kisado cha dagaa. Hakuna. Jukwaa kama Spotify hukusanya kwa mwezi fedha zote za wanaolipia na za matangazo katika nchi husika, likachukua sehemu yake, na kiasi cha theluthi mbili likakiweka kwenye chungu kimoja cha wenye haki. Chungu hicho hugawanywa kwa uwiano: ukiwa umechukua sehemu moja kwa elfu ya usikilizaji wote wa nchi ile, unapata sehemu moja kwa elfu ya chungu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Wasikilizaji wa Tanzania kwenye jukwaa fulani wametoa shilingi milioni 100 kwa mwezi. Wenye haki wanatengewa milioni 67. Nyimbo zote kwa jumla zimesikilizwa mara milioni 20. Kila usikilizaji umebeba shilingi 3 na senti 35. Wimbo wako ukisikilizwa mara 10,000, umepata shilingi 33,500, na hapo msambazaji wa mtandaoni na prodyuza hawajanyoosha mkono.

Wastani wa dunia unaotajwa mara nyingi ni kati ya dola 0.003 na 0.005 kwa usikilizaji mmoja. Chukua 0.004, na dola uihesabu kwa shilingi 2,500 kwa urahisi. Mara zile zile 10,000 zinakuwa dola 40, yaani laki moja. Wimbo ni ule ule, sauti ile ile, na tofauti yote imetokana na mahali aliposimama msikilizaji. Msikilizaji wa Marekani au Norway analipia huduma kwa bei kubwa, na mtangazaji wa biashara analipa zaidi kulifikia sikio lake. Msikilizaji wa Kasingirima, Ujiji, anatumia huduma ya bure kwa bando la siku, na bando likiisha wimbo unakatika katikati.

Hapa ndipo mwimbaji wa Kigoma ana utajiri ambao hajauhesabu.

Mkoa huu umekuwa njia ya watu kwa muda mrefu kuliko vitabu vingi vinavyokubali. Ujiji ilikuwa kituo cha misafara kabla Stanley hajamkuta Livingstone pale mwaka 1871, na mitaa yake ilijengwa na Wajiji, Waha, Wamanyema waliovuka kutoka Kongo na Waswahili waliotoka pwani. Leo hii boti za Kibirizi zinapeleka na kuleta watu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kiswahili kinachoimbwa Ujiji kinasikika Kalemie na Uvira, huko Kongo, na kwa wafanyabiashara wa Bujumbura, bila mkalimani. Na tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewapokea wakimbizi wa Kongo, kisha wa Burundi, kwa idadi inayozidi ya miji yetu mingi. Maelfu kati yao wamehamishiwa Marekani, Canada na Australia. Wameondoka na Kiswahili chao, na wameondoka na nyimbo.

Kwaya za Nyarugusu ndizo zinazonifundisha zaidi katika jambo hili. Kwaya ilianza kuimba kambini, chini ya turubai au kwenye kanisa la matofali ya udongo. Mtu mwenye kamera akaja, video ikapigwa kando ya mti, ikapakiwa YouTube. Miaka michache baadaye wanakwaya wenyewe wametawanyika katika majimbo ya Marekani, na jamaa zao, ambao wangeiona video ile kwa bando la kukopa kambini, sasa wanaitazama Jumapili nzima kwa intaneti ya nyumbani isiyokatika. Kwaya ambayo hakuna redio ya Dar es Salaam inayoijua inaweza kuwa na wasikilizaji wenye thamani kubwa, kwa hesabu ya matangazo, kuliko msanii anayevuma Kariakoo. Mwimbaji yeyote wa Kigoma, wa kaswida, wa injili au wa bongo fleva, akifungua ukurasa wa takwimu za kazi zake ataoneshwa nchi na miji ya wasikilizaji wake. Huo ndio ukurasa wa kwanza kuusoma. Idadi ya jumla hufurahisha moyo. Orodha ya miji hueleza mfuko.

YouTube ina masharti yake. Ili ulipwe matangazo kwa njia ya video za kawaida, akaunti yako iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukikubaliwa, asilimia 55 ya fedha ya matangazo kwenye video za kawaida ni yako. Halafu inakuja hatua ambayo watu wengi wa mikoani hukwamia: mapato yakifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako, na usipoiingiza namba hiyo kwa muda uliowekwa, malipo yanasimama. Kijana wa Ujiji hana sanduku la posta. Anaandika jina la mtaa, barua inapotea, fedha inakaa. Nasisitiza jambo hili dogo kwa makusudi, maana nimeona kazi nzuri za miaka zikikwama kwa kukosa S.L.P. Omba kutumia ya shule, ya msikiti, ya kanisa, ya ofisi ya ndugu. Malipo yenyewe hutoka yakifika dola 100.

Na kuna kodi ya Marekani. Tangu Juni 2021 Google hukata kodi kwenye mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo aliyejaza fomu ya kodi hukatwa asilimia 30 ya sehemu ile ya Marekani tu. Mwenye akaunti ya mtu binafsi ambaye hakujaza fomu anaweza kukatwa asilimia 24 ya mapato yote, hata ya watazamaji wa Kigoma na Kalemie. Kwaya iliyopata dola 200, kati yake 60 za Marekani, itakatwa dola 18 ikiwa na fomu na dola 48 isipokuwa nayo. Fomu ni ya Kiingereza cha kisheria na inatisha, lakini inajazwa mara moja na kudumu kwa miaka. Halmashauri zetu zina maofisa utamaduni. Sioni kazi yenye faida zaidi kwao kuliko kukaa na wasanii siku moja, mezani, kompyuta moja, wakaijaza.

Kwa majukwaa kama Spotify mwimbaji hawezi kupeleka wimbo mwenyewe moja kwa moja. Anapitia msambazaji wa mtandaoni, kampuni kama DistroKid, TuneCore au CD Baby, au zile za Kiafrika zinazofuata wasanii hadi mlangoni. Baadhi hutoza ada ya mwaka na kukuachia mapato yote, baadhi hazitozi kitu mwanzoni lakini huchukua asilimia. Kwa anayeanza, asilimia ni afadhali. Ada ya dola inayokatwa kila mwaka, wimbo usipoingiza kitu, humfanya msanii aache kulipa, na katika baadhi ya kampuni hizo asipolipa nyimbo zake hushushwa. Mkataba wa kusoma kwa makini zaidi ni ule unaokuja na fedha mkononi. Anayekupa milioni mbili leo ili "akusimamie" anataka nini kwa miaka mingapi? Msanii Harmonize alipoondoka WCB Wasafi, lebo ya Diamond, mwaka 2019, gumzo la nchi lilikuwa gharama ya kuvunja mkataba kuliko muziki wenyewe, na yeye alikuwa mtu mkubwa tayari. Asiye na jina akikwama, hakuna gazeti litakaloandika.

Kila wimbo una haki mbili, na hapa naomba msomaji asiruke. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi. Kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio, ambayo wenyewe wanaiita masta. Unaweza kumiliki moja ukakosa nyingine. Katika studio nyingi za mikoani mazungumzo yanaishia kwenye bei ya biti na ya kurekodi. Nani anamiliki masta hakuna anayeuliza, mpaka wimbo uvume. Ukivuma, prodyuza anasema biti ni yangu, mwimbaji anasema nililipia, aliyeimba kiitikio anasema mbona sikutajwa. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli. Karatasi moja yenye majina, asilimia na sahihi, iliyoandikwa kabla watu hawajatoka studio, ingemaliza ugomvi huo. Ukisikia "sisi ni ndugu bwana, mambo ya karatasi ya nini," hapo ndipo pa kuandika upesi zaidi, kwa sababu undugu wenyewe ndio unaolindwa.

Biti ya kupakua bure mtandaoni ni mtego mwingine. YouTube ina mfumo unaolinganisha sauti ya kila video na hazina ya rekodi zilizosajiliwa. Kama mtu wa nchi nyingine ameisajili biti ile kabla yako, mashine itaamua wimbo wako ni wake na matangazo yatamlipa yeye. Hakuna mtu wa kumlalamikia ana kwa ana. Kwa hiyo mpiga gitaa wa Ujiji, au kijana anayetengeneza biti kwa kinanda cha mkono wa pili, ana thamani kuliko anavyojidhania: anachokipiga hakimo katika hazina ya mtu mwingine.

Yapo mambo katika mfumo huu ninayoyaona ni dhuluma, na siyatafutii lugha laini. Tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 kwenye Spotify hauhesabiwi malipo ya rekodi. Fedha yake inahamia kwa nyimbo zilizofikisha. Sababu iliyotolewa ni kwamba visenti hivyo havimfikii msanii, vinaishia kwenye gharama za benki. Hata hivyo anayeachwa ni yule anayeanza. Na mgawanyo wa chungu kimoja nao una kasoro yake: mvuvi wa Katonga aliyelipia huduma mwezi mzima ili amsikilize mwimbaji mmoja wa mtaani kwake, fedha yake nyingi itakwenda kwa nyota wa Lagos na wa Marekani ambao hakuwahi kuwafungua, kwa sababu tu wengine waliwasikiliza zaidi. Mwaka 2021 SoundCloud ilianza njia tofauti kwa wasanii wanaojitegemea, ambapo fedha ya msikilizaji inagawanywa kwa wale aliowasikiliza yeye. Njia hiyo ingeifaa Kigoma. Vyama vya wasanii vya Tanzania vingepaswa kuidai kwa jina, badala ya kulalamika kwa jumla kwamba mtandao hauna fedha.

Kuna pia muziki usioingia mtandaoni kabisa. Msikilizaji wa kijiji cha mwambao, kusini ya Kigoma kuelekea Kalya, anapata nyimbo kwa kijana mwenye kompyuta anayeziingiza kwenye memori kadi kwa bei ya karanga. Huko hakuna takwimu wala malipo. Mdundo, iliyoanzia Nairobi na kuingia soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020, ilijaribu kuitazama hali hii kama ilivyo: wimbo unapakuliwa bure ukiwa na tangazo la sauti ndani yake, na mapato ya matangazo yanagawanywa na msanii. Faili likinakiliwa mara mia, tangazo linakwenda nalo. Fedha yake si nyingi, lakini wimbo unafika pale ambapo mtandao haufiki, na mwimbaji anayealikwa harusini Buhigwe au kwenye mkutano wa hadhara Uvinza anaalikwa kwa sababu memori kadi ilimtangulia.

Redio na televisheni zinazopiga wimbo wako hazikulipi kupitia msambazaji wa mtandaoni. Malipo yake ni mirabaha, na kwa miaka mingi njia yake Tanzania Bara ilikuwa COSOTA. Januari 2022 ofisi hiyo iligawa zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wanamuziki waliosajili kazi zao. Kwa nchi yenye redio nyingi kiasi hiki, ni fedha ndogo. Lakini ambaye hakusajili hakuwa na hata hiyo ndogo ya kulalamikia.

Narudi kwenye kwaya, kwa sababu huko kuna tatizo linalonikosesha raha. Akaunti nyingi za kwaya zilifunguliwa na mtu mmoja, mara nyingi aliyepiga video, kwa barua pepe yake na jina lake. Mwalimu wa kwaya amehamishiwa ng'ambo, wanakwaya wamegawanyika, mpiga video yuko Kasulu au hajulikani alipo, na fedha inaingia kwake kila mwezi bila yeye kuiba chochote kwa mujibu wa karatasi: hakuna karatasi. Waimbaji thelathini walioimba hawana hata neno moja la maandishi linalosema sauti zile ni zao.

Na wimbo unaishi kuliko mwenyewe. Kwa sheria yetu hakimiliki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Kazi zake bado zinalindwa mpaka 2029. Remmy Ongala, mzaliwa wa upande wa Kindu, huko huko Manyema walikotoka mababu wa watu wengi wa Ujiji, alifariki Desemba 2010, hivyo tungo zake zinalindwa mpaka 2060, na albamu yake Songs for the Poor Man, iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1989, watu wanaifungua leo kwenye simu ambazo hazikuwepo alipokuwa hai. Mtu akifa Ujiji, familia hukaa na shehe kuhesabu mirathi: nyumba, michikichi, mtumbwi na nyavu, madeni yake kwa watu na ya watu kwake. Wimbo nao uhesabiwe humo, uwe na warithi kwa mafungu yao kama kiwanja. Barua pepe iliyofungulia akaunti, nenosiri lake, namba ya COSOTA na karatasi ya mgawanyo wa studio zikae kwenye bahasha moja na hati ya nyumba, na mke na watoto wajue iko sanduku gani.